Mama anaona vizuri, kwa nini arudi kupimwa macho?

SWALI: Mama yangu, mkazi wa Rongo, ana kisukari. Alipigwa picha za macho, akaambiwa kuna dalili za mwanzo na arudi baada ya miezi sita. Hakupewa dawa, na anaona vizuri. Kuna haja ya nauli nyingine? – Msomaji, Migori

JIBU: Ipo. Sukari hudhoofisha mishipa midogo ya damu kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Huanza kwa vivimbe na vitone vya damu ambavyo mgonjwa mwenyewe hahisi. Kutopewa dawa ya macho si kupuuzwa: katika hatua hii tiba ni kudhibiti sukari na presha. Picha mpya italinganishwa na ile ya kwanza. Hali ikizidi, kuna leza na sindano za jicho, lakini hizo huokoa uwezo uliobaki. Uliokwisha kupotea mara nyingi haurudi.

Aende na kitabu chake cha kliniki. Akitiwa matone ya kupanua mboni ataona ukungu kwa saa kadhaa na jua litamsumbua, hivyo msindikize.

Kinachonikera ni kliniki za kisukari, Migori hata Homa Bay, kupima sukari na presha huku jicho likisahauliwa. Mwenye kisukari cha aina ya pili hupaswa kupimwa macho tangu anapogunduliwa, kisha kila mwaka.

Akiona madoa meusi yakielea au pazia la ghafla, asingoje tarehe. Mpeleke siku hiyo hiyo.