Injini Ikigonga, Pima Krenki Kabla ya Kununua Beringi

Gari la zamani halikosi makelele, na dereva aliyelizoea huyapuuza mengi. Ila mlio mmoja haupuuzwi hata siku moja: ko-ko-ko nzito inayotoka chini ya injini na kuongeza kasi kadiri unavyokanyaga mafuta. Mara nyingi hizo ni beringi za konrodi zilizolika. Ukizima injini mapema, huenda ukatoka kwa gharama ya beringi, gasketi na oili. Ukiendelea kuendesha, beringi hung'ang'ania krenki na kuzunguka ndani ya konrodi, na mwishowe konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku. Hapo ndipo fundi anapokwambia injini imenoki.

Kwa nini zinalika

Beringi ya konrodi haina gololi. Ni vipande viwili vya nusu duara, vya bamba la chuma lililofunikwa kwa aloi laini, kama ya shaba na risasi au ya alumini na bati. Kinachoitenganisha na krenki ni utando wa oili tu, katika nafasi ambayo kwa injini nyingi ni kati ya milimita 0.02 na 0.07. Utando huo hukatika oili inapopungua, inapopitiliza muda wa kubadilishwa, inapochanganyika na maji ya rejeta, dizeli au petroli, au chujio la pampu ya oili linapoziba. Beringi haziharibiki bila sababu, na sababu isipotafutwa, beringi mpya nazo zitakufa.

Kutambua tatizo

Anza na sikio. Acha injini ipate moto, kwa sababu pistoni iliyolegea hugonga zaidi injini ikiwa baridi, ilhali beringi hugonga zaidi oili ikishapata moto na kuwa nyepesi. Panda hadi mizunguko 2,000 au 2,500 kwa dakika, kisha achia. Beringi ya konrodi husikika waziwazi pale unapoachia. Mlio mwembamba unaotoka juu ya injini huwa wa tapeti.

Ili kujua ni silinda ipi, fundi huzikata silinda moja moja. Kwa injini ya petroli yenye waya za plagi, huchomoa waya kwa muda mfupi kwa koleo lenye mpini usiopitisha umeme. Kwa dizeli ya zamani, hulegeza kidogo nati ya bomba la nozeli. Silinda yenye beringi mbovu ikikatwa, mgongano hupungua au hubadilika. Tahadhari: dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi, hivyo vaa miwani na uweke mikono mbali. Usijaribu kabisa njia hii kwenye dizeli za kisasa za komoni reli.

Kisha funga geji ya shinikizo la oili. Kanuni ya mafundi wengi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000, injini ikiwa ya moto. Mwaga oili kwenye beseni safi na upasue filta ya oili. Ukiona chenga zinazong'aa ambazo sumaku haizivuti, mara nyingi hizo ni za beringi.

Kubadilisha hatua kwa hatua

1. Chomoa betri, simamisha gari juu ya stendi imara wala si jeki peke yake, mwaga oili na ufungue sampu. Safisha chujio la pampu.

2. Weka alama kwenye kila konrodi na kifuniko chake. Vifuniko havibadilishani, wala havigeuzwi.

3. Fungua kifuniko kimoja kimoja. Vika bolti za konrodi vipande vya mpira ili zisikwaruze krenki unapoisukuma konrodi juu.

4. Kagua kipande cha juu kwanza, kwani ndicho kinachobeba nguvu ya mlipuko. Rangi ya shaba ikijitokeza, tabaka la juu limekwisha.

5. Pima krenki kwa maikromita, sehemu mbili au tatu na kwa pande mbili. Kwa injini nyingi, tofauti inayozidi milimita 0.02, au mkwaruzo unaokwama kwenye ukucha, maana yake krenki ikachongwe. Ikichongwa, utanunua beringi za undasaizi, kwa mfano za milimita 0.25 au 0.50, kulingana na kipimo kilichopatikana.

6. Mgongo wa beringi na mahali inapokaa pawe pasafi na pakavu. Ulimi uingie kwenye mfereji wake na tundu la oili lilingane.

7. Hakiki nafasi kwa uzi wa Plastigauge: uweke juu ya krenki kavu, kaza kifuniko kwa kipimo bila kuzungusha krenki, fungua, kisha linganisha upana wake na skeli.

8. Futa uzi, paka oili upande unaogusa krenki na ukaze kwa toki renchi kufuata kitabu cha injini hiyo. Kama kitabu kinataka bolti mpya, usirudishie za zamani.

Kabla ya kuwasha, badilisha filta, jaza oili na uzungushe injini kwa starta bila kuiruhusu iwake, mpaka shinikizo lipande. Kwa kilomita 500 za mwanzo usibebe mzigo mzito wala kukanyaga sana, kisha badilisha oili tena.

Usikubali

Mkatae fundi anayetaka kupiga tupa kifuniko au kuweka karatasi nyuma ya beringi ili ikaze. Na unaponunua gari la mtumba, lisikilize likiwa baridi na likiwa moto, kwani oili nzito huficha mgongano kwa muda mfupi tu. Beringi mpya juu ya krenki mbovu ni hasara mara mbili: dai vipimo vya krenki kabla hujatoa pesa ya spea.