KIJANA ASIBEBE MZIGO PEKE YAKE



Tukisikia neno afya, wengi wetu tunafikiri malaria, kuhara na minyoo. Lakini mtu ana mwili na ana akili pia, na vyote viwili huugua. Leo tujifunze jinsi vijana wanavyoweza kusaidiana katika kikundi ili kulinda afya ya akili zao.

TUCHUKUE MFANO

Kijana wa miaka 17 anaishi katika kijiji kimoja wilayani Bariadi. Alimaliza darasa la saba, hakuendelea na masomo. Mwaka huu mvua ilikuwa chache. Pamba aliyolima na baba yake ilikauka, na deni bado lipo.

Zamani alipenda sana mpira. Siku hizi anakaa peke yake karibu na zizi. Chakula anakionja tu. Usiku hapati usingizi. Baba anasema, "Amekuwa mvivu." Jirani anasema, "Labda amerogwa." Rafiki zake wanamcheka. Hakuna hata mmoja aliyemwuliza, "Ndugu yangu, una nini?"

Kijana huyu si mvivu. Huenda ni mgonjwa. Mtu akiwa na huzuni nzito kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, akapoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, huenda ana ugonjwa unaoitwa sonona. Sonona hutibika. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba nusu ya magonjwa ya akili huanza kabla mtu hajafikisha miaka 18. Kwa hiyo tusingoje mpaka kijana awe mtu mzima.

KIKUNDI SI JAMBO GENI

Kijana huona haya kumweleza baba yake mambo ya moyoni. Kwa kijana mwenzake hufunguka mapema zaidi.

Wazee wa Usukuma walilijua jambo hili. Vijana wa kijiji, basumba, walikuwa na umoja wao na kiongozi wao, nsumba ntale. Walilima pamoja kwa nyimbo. Jioni wavulana waliketi na wazee kuzunguka moto wa shikome, wakafundishwa maisha. Mwenye shida alionekana mapema.

Taifa letu pia limejifunza kwa vikundi. Mwaka 1973, katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi vijijini. Walisikiliza radio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa.

Na huzuni je, inaweza kupunguzwa kwa kikundi? Ndiyo. Mwaka 2002 jambo hili lilipimwa nchini Uganda, katika vijiji vya Masaka na Rakai. Watu wazima wenye dalili za sonona walikutana mara moja kwa juma, kwa majuma 16. Wanaume walikaa peke yao, na wanawake peke yao. Viongozi wao walikuwa wenyeji wa kawaida waliopewa mafunzo. Mwanzoni, watu 86 kati ya kila 100 walikuwa na sonona. Mwishoni walibaki 6 au 7 tu kati ya 100. Katika vijiji visivyo na vikundi walibaki 55 kati ya 100.

Hapa Tanzania, mjini Moshi, kuna mpango unaoitwa Sauti ya Vijana. Ni wa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Wanaongozwa na vijana waliowazidi umri kidogo, waliopewa mafunzo. Wanakutana mara 10 katika kikundi, na katika mikutano 2 kati ya hiyo wazazi au walezi huhudhuria. Kila kijana pia huonana na kiongozi peke yake mara 2.

JINSI YA KUANZISHA KIKUNDI

1. Mweleze mwenyekiti wa kitongoji, mganga wa zahanati na afisa maendeleo ya jamii. Waombeni wawasaidie kupata mafunzo ya kiongozi.

2. Chagueni kiongozi mvumilivu, asiyesengenya na asiye mlevi. Kikundi kisicho na kiongozi mwema hugeuka kijiwe cha porojo.

3. Wanachama wawe 6 hadi 10. Wasichana wawe na kikundi chao na kiongozi wa kike.

4. Kutaneni siku moja kila juma. Mahali pawe pa wazi, watu wawaone lakini wasisikie maneno yenu. Chini ya mwembe panatosha.

KAZI YA KIONGOZI

Kiongozi si hakimu wala mhubiri. Kazi yake ni kuhakikisha kila mmoja anasikilizwa. Kila mwanachama aeleze juma lake lilivyokwenda. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Kisha wachague shida moja. Kabla ya kutoa shauri, wamwulize mwenye shida, "Wewe umejaribu nini?" Mwisho, kila mmoja ataje jambo moja dogo atakalofanya kabla ya mkutano ujao.

Maneno ya kikundi yabaki katika kikundi. Siri ikitoka hata mara moja, vijana hawatarudi.

SIRI ISIYOFICHWA

Lakini ipo siri ambayo haifichwi. Mwanachama akisema amechoka kuishi, au anapigwa vibaya, au anatendewa uovu wa kimwili, kiongozi asikae kimya. Wanachama waambiwe sharti hili tangu siku ya kwanza.

Watu wengine huogopa kuuliza. Wanadhani wakitaja kifo watampa kijana wazo hilo. Si kweli. Mwulize kwa upole, "Je, unafikiri kujiua?" Swali hilo humpa nafasi ya kutua mzigo. Akikubali, msimwache peke yake. Mpelekeni zahanati au hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu ipo Bariadi. Kwa habari za watoto wanaoonewa, pigeni simu namba 116. Simu hiyo haina malipo.

Ndugu mkulima wa pamba, nyumbani kwako kuna dawa ya kuua wadudu. Usiiweke chini ya kitanda wala ghalani bila kufuli. Ifungie, na ufunguo ukae nao wewe mwenyewe. Hasira au huzuni ya saa moja hupita, lakini sumu haingoji ipite. Kufuli moja inaweza kuokoa mtoto wako.

TURUDI KWA KIJANA WETU

Tuseme kijana mwenzake amemfuata zizini akamwambia, "Twende, tunakutana leo." Juma la kwanza ananyamaza. Juma la pili anasikia mwenzake akieleza deni la pamba la nyumbani kwao. Anagundua kwamba hayuko peke yake. Juma la tatu anasema. Kiongozi anaona kwamba bado halali, anamsindikiza kwa mganga. Mvua haikurudi, na deni halikufutwa. Lakini sasa anao watu wa kumsaidia kubeba.

Mzazi, usimkataze mwanao kwenda kikundini, wala usimhoji akirudi. Mpunguzie kazi saa moja kwa juma.

KUMBUKA: Kidole kimoja hakivunji chawa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni dalili zipi zinaonyesha kwamba kijana ana huzuni kubwa?
2. Kwa nini siri nyingine hazifai kufichwa?
3. Katika kitongoji chenu, nani anafaa kuwa kiongozi wa kikundi? Kwa nini?
4. Dawa ya pamba nyumbani kwako imewekwa wapi? Nenda ukaangalie leo.