Bustani ya Kivuli Bila Kung'oa Msitu: Mwongozo kwa Wenye Vitalu vya Kang'ata, Handeni na Korogwe

Mwongozo huu ni wa wenye vitalu vya maua, watunza bustani wa shule, zahanati na nyumba za wageni, na kila anayeishi kwa kuuza miche kati ya Kang'ata, Handeni mjini na Korogwe. Unahusu mimea ya kudumu inayoishi chini ya miti, ile isiyohitaji kupandwa upya kila msimu na inayostawi mahali ambapo nyasi na mawaridi hushindwa. Kanuni yake kuu ni hii: chukua jani, mbegu au chipukizi, na mmea mama ubaki porini.

Historia ya Mkoa wa Tanga yenyewe inaonyesha kwamba kanuni hiyo inalipa. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Usambara, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la porini lenye majani ya manyoya na rangi ya urujuani. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliita Saintpaulia ionantha. Katika miaka ya 1920, kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliotesha mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua aina kumi za kuuza. Leo ua hilo limo madirishani karibu kila pembe ya dunia, na biashara yote hiyo imejengwa juu ya jani: jani moja likichomekwa kwenye mchanga huzaa miche kadhaa iliyo sawa na mama yake. Huku kwetu ndugu zake wa porini wanaishi kwenye vipande vidogo vya miamba yenye unyevu, na kadhaa kati yao wamo hatarini kutoweka kwa sababu ya kukatwa kwa misitu. Anayewang'oa kwa jembe anaharibu mtaji ambao angeweza kuuzalisha mwenyewe nyumbani.

1. Kijue kivuli chako kwanza

Kabla ya kutafuta mche wowote, kagua eneo lako saa tatu asubuhi, saa sita mchana na saa tisa alasiri. Andika ni wapi jua linafika na linakaa kwa muda gani.

Kivuli cha mkwaju au mgunga ni chepesi. Mwanga hupenya kati ya majani madogo, na mimea mingi ya mwongozo huu itakipenda. Kivuli cha mwembe ni kizito, na mizizi yake hunywa maji yote ya juu. Hapo weka mimea kwenye vyungu badala ya kuipanda ardhini. Usirundike udongo kwenye shina la mti ili kupata tuta, kwa kuwa gome litaoza.

Kivuli cha nyumba hubadilika kwa majira. Tupo kusini kidogo mwa ikweta, kwa hiyo mwezi Juni jua hupita upande wa kaskazini, na Desemba hupita kusini. Upande wa kaskazini wa nyumba unaokupa kivuli Desemba utapigwa na jua Juni. Anayepanda Desemba bila kulijua hili hukuta majani yameungua katikati ya mwaka.

2. Chagua mmea unaolingana na mahali

Handeni ni kukavu na kuna joto. Milima ya Usambara upande wa Korogwe ina ukungu na unyevu. Usilazimishe mmea wa mlimani uishi kama wa tambarare.

*Zamioculcas.* Huu ndio mmea wa kwanza kwa mwenye kitalu wa Kang'ata. Asili yake ni pwani na misitu mikavu ya Afrika Mashariki, kuanzia Kenya kushuka hadi Afrika Kusini. Majani yake ni mazito na yanang'aa, na chini ya udongo una viazi vinavyohifadhi maji. Huvumilia kivuli kizito na kiangazi kirefu. Vitalu vya Uholanzi vilianza kuuzalisha kwa wingi katika miaka ya 1990, na sasa unauzwa maofisini na mahotelini duniani kote.

*Mkonge pori (Sansevieria).* Unafaa pembezoni mwa njia na chini ya miti yenye mizizi mingi. Huhitaji maji kidogo sana. Adui yake mkubwa ni maji yaliyotuama.

*Scadoxus.* Ni mmea wa kitunguu. Hulala wakati wa kiangazi, kisha mvua zinapoanza hutoa ua jekundu la duara lenye nyuzi nyingi. Weka alama mahali ulipo ili asije mtu akauchimba akidhani hakuna kitu.

*Kangaga.* Yapande karibu na bomba, simtanki au mahali panapotiririka maji ya kuogea yasiyo na sabuni nyingi. Pasipo unyevu wa kudumu, yaache.

*Saintpaulia.* Kwa Korogwe ya milimani hustawi vizuri. Kwa Kang'ata ibaki kwenye chungu barazani, juu ya sinia la kokoto zenye maji, bila jua la moja kwa moja. Kitako cha chungu kikae juu ya kokoto, kisizame majini.

3. Kukusanya: kibali kwanza, mkono mwepesi baadaye

Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazuia kuchukua mazao ya msitu kwenye hifadhi bila kibali. Hifadhi za Mazingira Asilia za Amani na Nilo, ambazo zote mbili zinagusa Wilaya ya Korogwe, zina ulinzi mkali zaidi. Usizifikirie kuwa chanzo cha miche ya biashara. Fuata utaratibu huu:

a) Kama ni msitu wa serikali, onana na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, au afisa misitu wa wilaya kabla ya kuingia.

b) Kama ni msitu wa kijiji, omba ruhusa kwa serikali ya kijiji na kamati yake ya maliasili. Ruhusa iwe ya maandishi, itaje mmea na kiasi.

c) Kama ni shamba la mtu, mwenye shamba ndiye wa kuulizwa. Mashamba yanayofyekwa kwa ajili ya kilimo au barabara ni mahali pazuri pa kuokoa mimea mizima, kwa kuwa hapo ingeteketea.

d) Okidi usiziguse bila ushauri wa wataalamu. Biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES, ambao Tanzania ni mwanachama wake.

Ukiwa na ruhusa, chukua jani moja au mawili kwenye mmea wenye afya, tena kutoka mimea tofauti. Mbegu ziache nyingi kuliko unazochukua. Funga majani kwenye karatasi yenye unyevu, weka ndani ya mfuko uliofunguliwa kidogo, na usiyaache juani kwenye bodaboda. Usichote udongo wa msituni. Udongo ukiondoka, mbegu na vijidudu vyenye manufaa huondoka nao.

4. Kuotesha kwa jani

Andaa mchanganyiko wa sehemu mbili za mchanga wa mtoni uliooshwa na sehemu moja ya mboji iliyoiva. Mwagia maji yanayochemka kuua vimelea, kisha uache upoe. Tumia kisu safi kila mara.

*Saintpaulia:* kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo cha sentimita 3 hadi 4. Kichomeke kwa kulala kidogo, mwagilia, kisha funika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Mizizi hutoka baada ya wiki chache, na vichipukizi huonekana baada ya miezi miwili au mitatu. Vitenganishe vikiwa na majani kadhaa. Usimwagie maji baridi juu ya majani, kwani huacha madoa. Mwagilia kupitia kitako cha chungu.

*Zamioculcas:* chomoa kijani kimoja kizima, kiache kivulini siku moja kidonda kikauke, kisha zika theluthi ya chini. Kwanza kitaunda kiazi, na chipukizi linaweza kuchukua miezi sita hadi mwaka. Kwa hiyo otesha kila mwezi, upate miche ya kuuza mfululizo. Ukihitaji mche wa haraka, gawa mmea mkubwa wa kitaluni kwako.

*Mkonge pori:* kata jani vipande vya sentimita 7 hadi 10, uviache vikauke siku mbili au tatu. Weka alama upande wa chini, kwa sababu kipande kilichopinduliwa hakitoi mizizi. Aina zenye ukingo wa njano hupoteza rangi hiyo zikioteshwa kwa jani. Hizo zigawe kwa shina la chini ya ardhi.

*Scadoxus:* menya nyama ya tunda jekundu, sia mbegu ikiwa mbichi juu ya udongo bila kuizika kabisa. Ua la kwanza huchukua miaka kadhaa. Vitunguu vidogo vinavyozaliwa pembeni ya mama huwahi zaidi. Vitenganishe mmea ukiwa umelala.

*Kangaga:* gawa shina mwanzoni mwa masika, kila kipande kikiwa na mizizi na angalau jani moja changa.

5. Kazi za mwaka

Masika, Machi hadi Mei: gawanya, hamishia ardhini, na fungua njia za maji zisituame. Juni hadi Septemba: tandaza majani makavu juu ya udongo, punguza maji kwa Zamioculcas na mkonge pori, yakatishe kabisa kwa Scadoxus iliyolala. Vuli, Oktoba hadi Desemba: otesha majani mapya. Januari na Februari: kagua neti ya kivuli na tafuta wadudu weupe wenye unga kwenye makwapa ya majani. Ukiwaona, wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni na utenge mmea huo.

6. Usalama na uaminifu kwa mteja

Utomvu wa Zamioculcas huwasha ngozi na mdomo, na kitunguu cha Scadoxus kina sumu. Vaa glavu unapogawa, nawa mikono, na mwambie mteja aweke mbali na watoto na mifugo.

Kila mche uwe na lebo: jina, ulikotoka mmea mama, na mwezi ulipooteshwa. Tangu mwaka 2015 Saintpaulia zimewekwa kwenye jenasi ya Streptocarpus, na Sansevieria sasa huhesabiwa miongoni mwa Dracaena. Andika majina yote mawili ili mnunuzi asichanganyikiwe. Ukitaka kuuza nje ya nchi, cheti cha afya ya mimea hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA.

Mwisho, usiuze uzao wako wote wa kwanza. Tenga mimea iliyo bora iwe mama wa kitalu, ipe mahali pake na usiihesabu kama bidhaa. Kuanzia hapo majani ya kuotesha utayakata nyuma ya nyumba yako, na hutakuwa na sababu ya kurudi msituni na kisu.