Unene wa Mtoto Si Dalili ya Afya

Mara nyingi mtoto mnene husifiwa kwamba analishwa vizuri. Kumbe unene uliozidi waweza kumletea kisukari na shinikizo la damu angali kijana. Ni mambo gani yanayomweka mtoto wa shule katika hatari hiyo?

1. Vinywaji vitamu. Chupa ya soda ya mililita 350 yaweza kuwa na sukari karibu vijiko 9 vya chai.
2. Chipsi, maandazi na biskuti kila siku, huku mboga na matunda vikisahauliwa.
3. Kukosa michezo. Mtoto anahitaji dakika 60 za kukimbia na kucheza kila siku.
4. Kulala kidogo. Mwenye miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12.
5. Urithi, wazazi wakiwa wanene.

Kabla ya miaka 5 tulimpima kliniki. Alipoanza shule tukaacha. Tumrudishe kwenye mizani, tumwulize mganga kama uzito wake unalingana na umri na urefu wake. Tusimcheke wala tusimnyime chakula. Nyumba nzima ibadili mazoea, mtoto atafuata.