Dondoo muhimu: kura ya kupanga nani aanze kuchagua

Kwenye ligi ya fantasi ambayo mchezaji mmoja hamilikiwi na timu mbili, iwe Kahama au Geita mjini, msimpe wa mwisho nafasi ya kwanza moja kwa moja: ikifika Aprili, aliye mkiani hana sababu ya kupanga kikosi. NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ilianza kupiga kura ya namna hii mwaka 1985 kwa hofu hiyohiyo; mwaka 2019 timu tatu za mwisho zilipewa nafasi sawa ya kuanza kuchagua, asilimia 14 kila moja.

1. Pitisheni kanuni kabla ya msimu. Msiiguse msimamo ukishaonekana.
2. Watatu wa mwisho wapeni vikaratasi vitatu vitatu, wengine kimoja kimoja. Atakayedai mnyonge anaonewa, mwonyesheni hesabu: bado ana nafasi mara tatu ya bingwa.
3. Kateni vikaratasi kutoka karatasi moja, mvikunje sawasawa.
4. Achomoe mtu asiye na timu, na mwanaligi aliye shifti ya usiku mgodini apigiwe simu ya video.
5. Raundi ya pili geuzeni mpangilio.
6. Admini asichomoe peke yake na kutangaza matokeo WhatsApp. Kura ya namna hiyo irudiwe.