Kumlinda Mtu Anayetunzwa na Wengine

Somo: 2 Samweli 4:4, 9:1-13, 16:1-4, 19:24-30

Mefiboshethi alikuwa mtoto wa miaka mitano alipoumia. Habari ya kufa kwa Sauli na Yonathani ilipofika, yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto alianguka, akawa kiwete wa miguu yote miwili. Yaya hakumchukia; alitaka kumwokoa. Lakini tangu siku ile Mefiboshethi alikuwa mtu wa kutegemea mikono ya wengine.

Wakristo wengi wanaijua sura ya 9, maana ni nzuri kuhubiri: Daudi anamwita kiwete aje kula mezani pake. Wachache wanaendelea kusoma mpaka sura ya 16 na ya 19. Huko tunaona kwamba Siba, mtumishi aliyepewa kazi ya kulima mashamba ya Mefiboshethi, alimwacha nyumbani akaenda kwa mfalme na punda na mikate, akasema bwana wake amekuwa adui. Daudi hakutafuta shahidi wa pili. Alimpa Siba mali yote siku ile ile. Mefiboshethi alipata kujieleza kwa kinywa chake baadaye tu, mfalme aliporudi Yerusalemu.

Katika habari hii kuna hatari mbili, na zote mbili ziko katika vijiji vyetu vya Kasongo na Kabambare. Ya kwanza ni ajali. Ya pili ni mtunzaji anayesema kwa ajili ya mtu, na hakuna anayemwuliza mtu mwenyewe.

Tunasema juu ya nani? Mzee asiyeona, mama aliyepooza upande mmoja, kijana mwenye ugonjwa wa akili, mtoto asiyeweza kutembea, mtu mwenye kifafa. Kwetu watu hawa wanakaa katika lupango za ndugu zao. Hilo ni jema. Lakini lupango nayo inaweza kuwa mahali pa hatari.

Tuanze na moto na maji. Mtu wa kifafa anaanguka pale alipo, wala hachagui. Akiwa karibu na mafiga, anaanguka motoni. Akiwa katika mtumbwi juu ya Lualaba au akichota maji kwenye Lwama, anaanguka majini. Tena kuna watu wanaomwona ndugu yao motoni wasimguse, kwa sababu wameambiwa kwamba povu la kinywa linaleta kifafa. Ni uongo, na uongo huu umeunguza watu. Kifafa hakiambukizwi kwa povu, wala kwa mate, wala kwa kula sahani moja. Mtoe motoni upesi! Palipoungua pamwagie maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20. Usipake mafuta ya mawese wala majivu.

Akianguka penginepo, mlaze kwa ubavu, weka nguo chini ya kichwa, ondoa vitu vya kumwumiza. Usitie kijiko wala kijiti kati ya meno. Usimshike kwa nguvu, usimnyweshe kitu. Degedege likipita dakika 5, au likirudi kabla hajapata fahamu, mbebeni mpaka kituo cha afya.

Nyumbani jengeni ukuta mdogo wa udongo kuzunguka mafiga, wenye kimo cha goti. Mgonjwa alale chini juu ya mkeka au kitandani kifupi, asilale karibu na moto usiku. Aende kuoga na mwenzake. Kazi nyingine asinyimwe: kupukuchua karanga, kutwanga sombe, kufuma mikeka, kwenda shule, kuimba katika kwaya. Kumfungia ndani ili asianguke si kumlinda.

Dawa ya kifafa ipo. Iliyo ya bei ndogo inaitwa fenobarbitali, nayo imetumika tangu mwaka 1912. Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba karibu watu 70 katika kila 100 wenye kifafa wangeweza kukaa bila degedege kama wangepata dawa sawasawa. Inamezwa kila siku, hata siku ambazo mtu anajiona mzima. Kuiacha ghafula ni hatari kubwa, maana degedege linaweza kurudi mfululizo na kuua. Kwa hiyo mtu mmoja nyumbani ahesabu vidonge, na ayajue mapema majuma yaliyobaki. Safari ya hospitali isiwe sababu ya kukosa dawa. Ulizeni kwanza katika kituo kilicho karibu. Watu wa Kasongo wanaweza kukumbuka kwamba kazi iliyoanza kwao mwaka 1971, pamoja na shule ya tiba ya Antwerp, ilijulikana mbali kwa sababu hii hasa: kumtibu mtu karibu na nyumba yake.

Neno moja kwa wanaokaa karibu na maji yanayokwenda kasi. Inzi wadogo weusi wa mito hiyo wanaleta upofu, na wataalamu wameona kwamba penye ugonjwa huo mwingi kifafa nacho ni kingi. Mgawaji wa dawa ya mektizani akija, mezeni.

Mgonjwa wa kulala kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda vya mgongo na nyonga. Alishwe akiwa ameketi, polepole, asisongwe na bugali.

Sasa tuseme juu ya kamba. Kijana akishikwa na ugonjwa wa akili, mara nyingi anafungwa kwa kamba au mnyororo, hata katika vyumba vya sala, na pengine ananyimwa chakula ili afunge pamoja na wanaomwombea. Tunaamini maombi. Lakini kamba si maombi, na mtu asiyejua anachofanya hawezi kufunga saumu. Kamba inakata nyama, mkono unaoza, na nyumba ikishika moto aliyefungwa hawezi kukimbia. Mpelekeni kwa mwuguzi, na maombi yaendelee huku anatumia dawa.

Turudi kwa Siba. Mtunzaji mbaya hajulikani kwa uso. Mara nyingi anasifiwa kanisani kwa uvumilivu wake. Basi tazameni mwili wa anayetunzwa. Amekonda na wengine wa nyumba wamenona? Ana alama mkononi? Anamwangalia mtunzaji kabla ya kujibu neno dogo? Shemasi akimtembelea, akae naye peke yake kidogo, mahali wanapoonekana lakini hawasikiki, aulize kwa upole: Mama, jana ulikula nini? Ulilala wapi? Kuna mtu unayemwogopa? Tena msaada wa kanisa, sabuni au nguo, awekewe mkononi mwake mwenyewe, na safari nyingine aulizwe iko wapi.

Jambo hili halikuanza kwetu. Katika mji wa Geel, nchi ya Ubelgiji, wenyeji wamewapokea wagonjwa wa akili katika nyumba zao tangu miaka zaidi ya 600. Kabla ya vita ya 1940 wagonjwa hao walikuwa zaidi ya 3,000, wakila na jamaa na kufanya kazi mashambani pamoja nao. Desturi hiyo iko hata leo, ingawa hesabu yao imepungua sana. Lakini jamaa hazikuachwa peke yao. Wauguzi walipita nyumba kwa nyumba, na zilijengwa nyumba za kuogea ambako wagonjwa walikuja kwa zamu. Hapo mwuguzi aliuona mwili wote, akajua nani anapigwa na nani ana njaa. Wenyeji walijulikana kwa wema, na hata hivyo walikaguliwa. Sioni kwa nini sisi tuone haya kukaguliwa.

Kuna uovu mmoja tunaousema kwa uchungu. Msichana asiyesema, au asiye na akili timamu, anaachwa nyumbani wengine wakienda shamba, na mwanamume anamwingilia. Mara nyingi ni mtu wa karibu. Mpelekeni hospitali siku ile ile, kabla ya saa 72 kupita, kwa maana zipo dawa za kuzuia virusi vya ukimwi na mimba, na zinasaidia zaidi zikianza mapema. Msimwogeshe kwanza. Wala wazee wasilimalize jambo kwa mbuzi wawili: sheria za Kongo za tarehe 20 Julai 2006 zinalihesabu kuwa kosa kubwa, na faini haiifuti kesi. Tangu tarehe 3 Mei 2022 iko pia sheria ya kuwalinda watu wenye ulemavu.

Tusimsahau mtunzaji mwema. Mkaza mwana anayemgeuza mama mkwe usiku na kulima mchana anachoka, na uchovu unazaa hasira, na hasira inazaa kofi. Umoja wa wamama uweke zamu: mmoja akae na mgonjwa nusu siku kila juma, ili mwenye kazi apate kulala. Hapo macho ya pili yanaingia nyumbani bila ugomvi.

Maswali ya kujibu pamoja: Daudi angepaswa kufanya nini kabla ya kumpa Siba mashamba? Katika kijiji chenu, ni nani asiyeonekana kanisani kwa sababu anategemea kuletwa? Nani alimwona mara ya mwisho, na alisema naye au alisema na mtunzaji wake tu? Nani atakwenda juma hili?