Dhihaka za Utotoni na Madhara Yake kwa Vijana: Mafunzo kutoka Tarime na Serengeti

Mwalimu apangiwaye kufundisha katika wilaya za Tarime na Serengeti hana budi kulifahamu neno moja la Kikuria: omosagane, yaani msichana asiyekeketwa. Katika uwanja wa shule neno hilo hugeuka fimbo. Mtoto huanza kuitwa hivyo na wenzake angali mdogo, naye hulibeba hadi ujanani.

Tuyatazame madhara yake. Kwanza, kijana aliyezoea kuchekwa huacha kunyosha mkono hata anapolijua jibu, na mwalimu asiyejua chanzo humdhania kuwa mzito wa kuelewa. Pili, huepuka mahali anapodhihakiwa, na hatimaye huiepuka shule yenyewe. Tatu, na hili ndilo zito zaidi, wapo wanaokubali kukeketwa ili kejeli ikome, ingawa sheria ya mwaka 1998 iliharamisha kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Wengine hukimbilia kituo cha Masanga, Tarime, au nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014. Lakini aliyeepushwa na kisu hajaepushwa na ulimi. Akirudi darasani hulikuta neno lile lile likimngojea.

Mwalimu afanye nini? Tunapendekeza hatua hizi:

(a) Achunguze nani hukaa peke yake wakati wa mapumziko, na tangu lini.

(b) Amwonye mdhihaki faraghani. Akimfedhehesha mbele ya darasa, atakuwa amefundisha kejeli kwa vitendo.

(c) Asimtaje mwathiriwa kuwa mfano wa somo. Atumie hadithi au igizo la wanyama, kisha awaulize wanafunzi: waliocheka bila kutukana, je, hawana hatia?

(d) Kabla ya likizo ya Desemba, ambapo ukeketaji hufanyika sana, ashauriane na mwalimu mkuu na afisa ustawi wa jamii kuhusu wanafunzi walio hatarini.

Huko Norway, mpango wa Dan Olweus ulioanza mwaka 1983 ulionyesha kwamba uonevu hupungua pale walimu, wazazi na wanafunzi wanaposhika kanuni moja. Kwa hiyo mwalimu asifanye kazi hii peke yake. Wazee na wazazi washirikishwe pia.

Zoezi: Andaa somo la Kiswahili la darasa la nne kuhusu nguvu ya maneno. Eleza utafanya nini iwapo mwanafunzi mmoja atalia katikati ya somo.